Ya Kwanza Haikuandikwa

Jumanne, Machi 1

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza daftari hili. Ni zawadi ya harusi kutoka kwa mume wangu. Lina jalada gumu la kijani na utepe wa kushikia ukurasa, na miezi tisa nimeliweka kabatini kwa kuona ni zuri mno kulichafua kwa mwandiko wangu. Ukurasa wa kwanza ameandika yeye: Humu ziandikwe raha zetu tu. Nikisoma maneno hayo hata sasa mashavu yanapata moto.

Mume wangu ni fundi saa. Mtaa mzima wanamwita Dakika, maana ukimwuliza saa yako itakuwa tayari lini anajibu, "Dakika moja tu," halafu unaifuata wiki ijayo. Vidole vyake vinashika skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga, na vidole hivyohivyo asubuhi ya leo vilinifunga kamba za viatu, eti mimi nitulie niangalie mvua. Sijui nilimfanyia Mungu wema gani.

Nilitaka kuandika raha tu, lakini leo ilikuwa siku ya zahanati.

Nilikwenda na mama mkwe. Yeye anakaa chumba cha mbele, sisi cha nyuma, na hataki kusikia kwamba nimekwenda hospitali peke yangu. Pale zahanati kila mtu anaanzia kwenye dawati la korido. Muuguzi amekaa na kitabu kikubwa, anauliza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe, na benchi zima linakusikiliza wewe.

"Mimba ngapi zimeharibika?"

Mama mkwe alikuwa ameniegemea bega. Nikasema, "Mbili."

Akaandika mbili. Kwa daktari hatukukaa hata muda wa kukausha nguo. Alionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye mhuri: uchunguzi ni baada ya mimba tatu kuharibika mfululizo.

"Mbili bado ni bahati mbaya," alisema. "Mna afya, mna umri. Jaribuni tena. Ikitokea ya tatu, njoo nikuandikie barua ya hospitali kuu, wakupime damu na kila kitu."

Ikitokea ya tatu. Alisema kama mtu anayekwambia basi lijalo litapita saa ngapi.

Ijumaa, Machi 4

Siku zangu zilianza jana. Dakika kaniletea chupa ya maji moto, kaifunika na soksi yake ili isiniunguze. Soksi ilikuwa safi, nilinusa kwanza.

Jumatano, Machi 9

Mvua. Kiwandani tumeanza oda ya sare za shule za muhula ujao. Mimi nashona kaptula za darasa la kwanza, saizi ndogo kuliko zote. Mwenzangu wa cherehani ya jirani, tunayemwita Kifungo kwa sababu ya pua yake, aliuliza kwa nini kila kaptula ninayomaliza naikunja kwanza mapajani kabla ya kuitupa kapuni. Nikamwambia ni mazoea tu.

Naona daftari hili litanisamehe nikiandika jambo moja lisilo raha.

Si mbili. Ni tatu.

Moja ilitoka Septemba, wiki ya tisa, na nyingine Januari, wiki ya nane. Hizo mama mkwe anazijua, alinipikia uji na kunifulia. Lakini iko nyingine kabla, Aprili ya mwaka jana, miezi miwili kabla ya harusi. Tulikuwa tumeposana tayari, tulipendana, na duka la saa lina chumba kidogo nyuma ya kaunta. Sitaandika zaidi ya hapo. Ile ilitoka humohumo na hakuna aliyejua ila sisi wawili.

Siku ya harusi mama mkwe alisimama mbele ya watu wote akasema, "Wanangu hawa walisubiri. Siku hizi mnaoweza kusema hivyo ni wachache." Wageni wakapiga makofi. Mimi niliinamisha kichwa, watu wakadhani ni haya za bibi harusi.

Na ndiyo maana kwenye dawati, bega lake likiwa limegusana na langu, nilisema mbili.

Jumapili, Machi 13

Dakika amenisukia nywele. Zimekwenda upande kama paa la banda, lakini sizifumui.

Jumatano, Machi 16

Nimemwambia Dakika lazima tuseme ukweli, la sivyo tunasubiri nyingine ife ndipo tupimwe. Alikuwa ameinamia saa ya ukutani, kioo cha fundi jichoni.

"Nitamwambia mama mimi mwenyewe," alisema.

"Lini?"

"Dakika moja tu."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, jibu hilo halikunifurahisha.

Jumanne, Machi 22

Leo nimekwenda zahanati peke yangu, nikidanganya kwamba naitwa kiwandani mapema. Mvua ilikuwa ya kumwaga kwa ndoo. Nilimwinamia muuguzi wa dawati, nikanong'ona kwamba kitabuni kuna kosa, si mbili, ni tatu.

"Sema, mama, sisikii. Mabati yanapiga kelele."

Nikasema tena. Benchi likasikia kabla yake.

"Tatu?" akapekua kitabu. "Machi mosi mbili, leo tatu. Mimba ya wiki tatu imeingia na kutoka?"

Mtu akacheka nyuma yangu. Nikaeleza kwamba ipo ya mwaka jana niliyoisahau. Ndiyo, nilisema niliisahau. Ulimi wangu mwenyewe.

Muuguzi akashusha sauti, na hapo ndipo aliponiumiza kweli. "Dada, si wewe wa kwanza. Wanasoma ile karatasi ukutani, wanarudi na hesabu mpya. Ninaandika kwa wino, sifuti. Kama ipo, leta kitu cha kuonyesha. Ulitibiwa wapi? Kadi iko wapi?"

Sikutibiwa popote. Kadi haipo. Na daktari hakuwepo, barabara imejaa maji.

Nilifika kiwandani nimelowa chapachapa. Kifungo akanipa kaptula tatu zenye kasoro nijifutie uso.

Alhamisi, Machi 24

Mvua. Dakika bado hajamwambia mama. Nampenda, lakini leo nimemhudumia chai bila kumwangalia.

Ijumaa, Aprili 1

Siku zangu zilitakiwa jana.

Jumamosi, Aprili 2

Hazijaja.

Jumanne, Aprili 5

Mistari miwili.

Dakika alikipeleka kipimo dirishani penye mwanga, akavaa kioo chake cha fundi, akakichunguza kama saa ya tajiri. Kisha akapiga magoti akaweka sikio tumboni kwangu. Nikamwambia kwa sasa hakuna hata cha kusikia, ni punje. "Hata saa ndogo zina mlio," akasema. Nililia, naye akalia, na wote wawili tuliogopa kusema tunachoogopa.

Tangu Machi 3 hadi leo ni wiki nne na siku tano. Hakuna hata moja iliyofika wiki ya kumi.

Jumanne, Aprili 12

Nilikwenda kwenye dawati kuuliza kama naweza kuanza kliniki mapema. Muuguzi akasema mahudhurio ya kwanza ni wiki ya kumi na mbili, kabla ya hapo wanajaza foleni bure.

"Mimi sijawahi kufika wiki ya kumi na mbili," nikamwambia.

"Ndiyo utafika safari hii, kwa uwezo wa Mungu. Anayefuata."

Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali, ningepata wa kumchukia.

Mama mkwe ameshajua. Jana aliniona nakimbilia msalani mara tatu, akaninyang'anya ndoo mkononi. "Bibi harusi," ameniambia, "tangu leo wewe maji unayabeba kwenye glasi tu." Anaimba jikoni. Kila anapoimba nahisi kama namwibia.

Alhamisi, Aprili 14

Wiki sita. Msimamizi anataka kaptula mia mbili hadi Jumamosi. Nimeshona huku nahesabu, mshono mmoja siku moja.

Jumatatu, Aprili 18

Mvua kutwa. Nimeenda msalani mara kumi na moja kuangalia. Hakuna kitu. Mara ya kumi na mbili sikwenda, nikajisifu, kisha nikaenda.

Jumanne, Aprili 19

Nimekaa kitandani na miguu juu ya mto, Dakika amelala kando yangu na nguo zake za kazi. Nataka kuandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi niliona matone mawili. Madogo, rangi ya kutu. Dakika alikuwa ameshakwenda dukani. Nikatoka uani nikamkuta mama mkwe anakinga maji ya paa. Aliniangalia tu, akaacha ndoo ifurike, akachukua mwavuli.

Kabla ya kutoka nilirudi chumbani. Chini ya godoro ninalo daftari langu la zamani, la mistari, lile la kununua dukani. Nililiandika tangu nilipoanza kumpenda Dakika hadi wiki ya harusi. Nililitia kwenye mfuko wa plastiki na kulibana kwapani.

Daktari alikuwepo. Alinipima, akasema mlango wa kizazi umefunga, matone mengine hupotea yenyewe, nikapumzike nyumbani. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mwavuli unachuruzika miguuni pake.

"Basi?" nikauliza.

"Basi. Nimeona hapa mbili," akagusa kadi yangu. "Ningependa kukusaidia lakini barua ya hospitali kuu bila tatu wanairudisha. Walishanirudishia."

Nikawaza, nikinyamaza sasa, hesabu itatimia yenyewe, na huyu tumboni ndiye atakayeitimiza.

"Ni tatu," nikasema. "Ya kwanza ilikuwa Aprili mwaka jana."

Sikumwangalia mama mkwe. Nilisikia tu matone ya mwavuli, to, to, to.

"Mlioana Juni," akasema daktari.

"Ndiyo."

Akauliza alichouliza muuguzi, kama kuna chochote cha kuonyesha. Nikatoa daftari. Nikashindwa kupata ukurasa, akalichukua akapekua mwenyewe. Na kwa kuwa mwandiko wangu ni mbaya, alisoma kwa sauti ili auelewe.

"'Masikio yake ni kama vishikio vya kikombe, nami natamani kunywa.'" Akakohoa. "Samahani. Februari... Februari kumi na nane. 'Siku zangu zimeanza leo na tumbo linaniuma, Dakika wangu kanifunika na koti lake nyuma ya kaunta, koti lina harufu ya mafuta ya saa, ningelala humo mwaka mzima.'"

Nilitamani sakafu ya zahanati ifunguke inimeze. Mama mkwe hakusogea.

"Machi ishirini na saba," akaendelea. Kwenye ukurasa ule kuna kipimo changu cha kwanza. Nilikishona kwenye karatasi kwa uzi mwekundu, mishono minne, kwa kuwa gundi ingekichafua. Mistari imefifia lakini ipo, miwili. Daktari aligusa uzi kwa ncha ya kidole. Kisha akasoma Aprili 16 kimoyomoyo, midomo yake tu ikitembea. Namshukuru kwamba hiyo hakuisoma kwa sauti.

Akahesabu kwenye kalenda ya mezani. "Tangu Februari kumi na nane. Wiki nane na siku moja." Akainua macho. "Zote kati ya wiki ya nane na ya tisa. Ungeniambia hili Machi."

"Alikuwa amekaa na mimi Machi," akasema mama mkwe.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. Daktari akamgeukia, nadhani alitaka kumtuliza, akaanza, "Mama, vijana wa siku hizi..."

"Daktari, mwanangu. Unaandika mimba au unaandika harusi?"

"Mimba, mama."

"Basi andika."

Akaandika. Barua ni ya Jumanne ijayo, saa mbili asubuhi, hospitali kuu.

Njia nzima alinishikia mwavuli, upande wangu mkubwa, wake mdogo, bega lake likalowa lote. Lakini hakusema nami neno. Tulipofika aliingia chumba cha mbele akafunga mlango.

Alhamisi, Aprili 21

Matone yamekatika. Mama mkwe anapakua chakula, anaweka mezani, anaondoka. Kimya kama maji mtungini. Dakika alimfuata jikoni, akarudi masikio yamemwiva. Nilimwuliza amesema nini. "Ameniuliza kama nimeoga."

Jumamosi, Aprili 23

Hajaimba.

Jumanne, Aprili 26

Hospitali kuu. Korido ndefu, mistari ya rangi sakafuni, sisi tulifuata wa manjano. Mama mkwe alikuja, lakini alikaa benchi la tatu kutoka letu, mkoba mapajani.

Walinitoa damu vichupa sita. Dakika alivihesabu, kisha akahitaji kukaa chini. Halafu wakanilaza, wakanipaka kitu cha baridi, na kwenye skrini ya kijivu palikuwa na kijimwanga kinachopepesa. Upesi sana. Dakika akatoa saa mfukoni, akaanza kuhesabu. "Mia na arobaini na tano kwa dakika," akasema kabla mashine haijasema, na mtaalamu akamwangalia kama anayetaka kumpa kazi.

Nilitamani mama mkwe angeona. Dakika alitoka kumwita. Alirudi peke yake.

Jumanne, Mei 3

Majibu yametoka. Daktari wa pale ni mwanamke mwenye sauti ya chini, alivuta kiti akakaa mbele yetu, bila meza katikati. Damu yangu ina tabia ya kuganda pale isipotakiwa, na huenda ndiyo inayowanyima watoto wangu chakula. Akasema huenda. Watarudia kipimo baada ya wiki kumi na mbili ili wawe na hakika, lakini hawatasubiri hadi hapo. Kidonge kidogo kila siku, na sindano tumboni kila siku, hadi mwisho.

"Kwa hiyo si kwa sababu nilinyanyua ndoo?" niliuliza.

"Hapana."

"Wala cherehani? Wala... wala kwa sababu ya kuanza kabla?"

Alijua ninachouliza. "Damu haijui tarehe ya harusi," alisema.

Mwaka mzima nimebeba hilo. Sikujua uzito wake hadi nilipolitua.

Jumatano, Mei 4

Dakika amenichoma sindano ya kwanza. Mikono inayoshika skrubu zisizoonekana ilitetemeka kama ya mzee. Tulisubiri itulie. "Dakika moja tu," akasema, na safari hii ilikuwa kweli dakika moja, nilitazama saa.

Ijumaa, Mei 6

Wiki tisa na siku moja. Mvua inapungua.

Nilikuwa nachambua mchele uani. Mama mkwe akaja akavuta kigoda, akachukua nusu ya ungo wangu, akaanza kuchambua naye. Muda mrefu ni mchele tu.

"Ile ya kwanza," akasema. "Mlikuwa wapi?"

"Dukani, mama. Chumba cha nyuma."

"Mchana?"

"Mchana. Alifunga mlango, akaandika mlangoni kwamba anahesabu mali."

"Nani alikushika?"

"Mwanao."

"Peke yake?"

"Peke yake, mama. Alivua shati lake ndilo likawa shuka. Saa zote ukutani zilikuwa zinagonga, akazisimamisha moja moja kwa sababu nilimwambia kelele zinaniumiza."

Akatoa jiwe, akalitupa. Mkono wake ukabaki hewani.

"Ni mtoto yule," akasema. "Anajua nini kuhusu damu? Ungekufa mikononi mwake." Nikaona kidevu chake kinacheza. "Mimi nilikuwa nyumbani. Nyumba mbili kutoka pale, nakunja nguo za harusi. Mngeniita."

Nilidhani siku zote hizi ananihesabia aibu. Kumbe alikuwa anahesabu zile nyumba mbili.

Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Usilie kwenye mchele. Tutakula chumvi." Kisha, alipokuwa anainuka, "Na hayo masikio ya vikombe ni ya baba yake. Hata mimi nilianguka papo hapo."

Alhamisi, Mei 12

Wiki kumi kamili. Sijui niandike nini. Sijawahi kuwa mahali hapa.

Jumanne, Mei 17

Barua ya hospitali kuu inasema nianze kliniki sasa, nisisubiri ya kumi na mbili. Kwa hiyo leo tumerudi kwenye dawati la korido, mama mkwe na mimi. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Benchi limejaa kama kawaida, masikio yamesimama kama kawaida. Bado naogopa, niseme ukweli, naogopa kila nikiinuka na kila nikikaa, na nafikiri nitaogopa hadi nimsikie analia.

Muuguzi alifungua kitabu kikubwa, akachovya kidole ulimini, akapata ukurasa mpya.

"Hii ni mimba ya ngapi?" akaita.

Nilifungua mdomo. Mama mkwe akanitangulia, kwa sauti iliyofika hadi kwa wanaosubiri dawa mlangoni.

"Ya nne," alisema. "Tatu zimetoka, hii ni ya nne. Andika zote, na uandike kwa wino."

Muuguzi akatuangalia, yeye kisha mimi, akaandika. Nilinyoosha shingo nikasoma kichwa chini hadi nilipoiona tarakimu ya nne.